KALAMU NAYO IPEWE NAFASI KWENYE KIOO

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu



Naomba nafasi katika jarida letu la mwaka huu ili nami nitoe dukuduku langu. Najua kurasa hizi zimezoea mashairi, vitendawili na hekaya za Sungura na Fisi. Leo naomba wasomaji wanivumilie, maana nitazungumza juu ya nyaya. Si nyaya za stima zinazoning'inia kwenye nguzo, la. Ni zile nyaya zilizo ndani ya kioo cha simu na cha kishikwambi, ambazo wengi wetu hatujawahi kuziona kwa macho, na ambazo kwa maoni yangu ndizo zitakazoamua kama vyombo hivi vitatufaa darasani au vitakuwa vya kutazamia picha tu.

Wengi wenu mlikuwepo siku ya mjadala wa chama muhula uliopita. Hoja ilikuwa kwamba vishikwambi vichukue mahali pa madaftari. Waliounga mkono walisema mzigo wa vitabu utapungua, hasa kwetu sisi wa kutwa tunaotembea asubuhi na jioni na mkoba kama gunia la viazi. Waliopinga walisema vishikwambi vitaibwa, vitaharibu macho, na ati wanafunzi watatazama filamu badala ya kusoma. Watu wakapiga makofi, kura zikahesabiwa, kengele ikalia. Nilikaa pale nikishangaa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: tutaandikia nini? Kidole? Hebu jaribu kuandika kwa kidole swali moja la Hisabati lenye sehemu, vipeo na mabano, kisha uniletee nilisome.

Maoni yangu ni haya. Wazazi na wasimamizi wetu wakiamua siku moja kununua vishikwambi, wasinunue kioo kilichobuniwa kwa kidole peke yake. Wanunue kioo ambacho nyaya zake zimepangwa kwa kalamu na kwa kidole pia. Ikiwa hicho hakipatikani kwa pesa zilizopo, basi madaftari yabaki na pesa hizo zinunue vifaa vya maabara. Nasema hivi nikiwa mpenzi wa mitambo, si mpinzani wake.

Sasa wacha nieleze kwa nini, maana dai bila sababu ni domo tu.

Katika Fizikia ya Kidato cha Tatu tunafundishwa kapasita. Mwalimu huchora bamba mbili za chuma zinazotazamana, nafasi katikati, halafu anatuambia mambo matatu: bamba zikiwa pana kapasitansi huongezeka, zikitengana hupungua, na kitu kinachowekwa katikati nacho kina neno lake. Tunakariri, tunafanya mtihani, tunasahau. Ajabu ni kwamba nusu ya darasa wakitoka hapo jioni wanashika nyumbani simu yenye mamia ya kapasita mbele ya macho yao, na hawajui.

Kioo cha simu za siku hizi kimepakwa utando mwembamba sana wa oksidi ya indiamu na bati. Utando huu una sifa mbili ambazo kwa kawaida hazikai nyumba moja. Shaba hupitisha umeme lakini huoni ng'ambo yake, na kioo cha dirisha unaona ng'ambo lakini hakipitishi umeme. Utando huu hufanya yote mawili, ingawa kwa kupitisha umeme haufikii shaba hata kidogo. Basi hukatwakatwa kwa dawa ukawa mistari, mingine imelala na mingine imesimama wima, kama karatasi yetu ya grafu. Mistari hiyo ndiyo elektrodi. Ungeweza kuiona, mara nyingi ungekuta si mistari mitupu bali vipande vya umbo la uru wa karata, vimeungana ncha kwa ncha kama shanga kwenye uzi. Vya mlalo havigusani na vya wima, kuna kihami katikati. Na pale vinapokaribiana ndipo ilipo kapasita.

Angalia ujanja uliopo hapo. Chukua kishikwambi kidogo chenye kioo cha sentimita 10 kwa sentimita 18, na mistari iwe umbali wa milimita 5 kutoka mmoja hadi mwingine. Utapata safu wima 20 na safu mlalo 36. Hiyo ni makutano 720. Kama kila makutano yangekuwa na waya wake, tungehitaji nyaya 720 kwenda kwenye kichipu, na hiyo ingekuwa vurugu. Lakini kwa mpango wa mistari nyaya ni 20 na 36, yaani 56 tu. Ni kama mwalimu wa zamu anavyomtafuta mwanafunzi: hahitaji kujua jina, anauliza safu ya ngapi na dawati la ngapi.

Kichipu hupeleka mapigo ya umeme kwenye mstari mmoja wa mlalo, kisha kinasikiliza mistari yote ya wima. Halafu kinaenda kwenye mstari wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho, na kuanza tena, mara nyingi kwa sekunde. Kidole kikikaribia, mwili wa binadamu ambao ni kondakta huiba sehemu ya uga wa umeme uliokuwa kati ya mistari ile miwili. Kapasitansi ya pale hupungua. Hupungua kwa kiasi gani? Kapasita ya pale ni ya pikofaradi chache tu, na kidole hubadilisha sehemu ndogo ya hizo. Pikofaradi moja ni sehemu moja ya trilioni ya faradi. Sisi kwenye mitihani tunalalamika kwamba maikrofaradi ni ndogo!

Kuna njia nyingine, ya kupima kila mstari peke yake dhidi ya ardhi. Hiyo ni rahisi na nyepesi kuhisi, lakini ukiweka vidole viwili inachanganyikiwa. Ikiwa vidole viko safu wima ya 3 na ya 9, na safu mlalo ya 2 na ya 7, kichipu hakijui kama ya 3 inakwenda na ya 2 au na ya 7. Kinaona sehemu nne, mbili za kweli na mbili ni mizuka. Ndiyo maana vyombo vingi hupima makutano, si mistari peke yake.

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja yangu, na hapa naomba msiruke mstari.

Kidole cha mtu mzima kikigusa kioo hufunika karibu milimita 8 hadi 10. Kwa hiyo hakigusi makutano moja, hugusa kadhaa kwa pamoja. Tuseme safu ya 4 inasoma 2, safu ya 5 inasoma 8, na safu ya 6 inasoma 6. Kichipu hufanya hesabu ile ile tuliyofanya kwenye kitovu cha graviti: 4 mara 2, jumlisha 5 mara 8, jumlisha 6 mara 6, unapata 84. Gawa kwa jumla ya 16. Jibu ni 5.25. Yaani kidole kiko mbele kidogo ya safu ya 5, robo ya njia kuelekea ya 6. Ndivyo kioo chenye mistari iliyotengana milimita 5 kinavyoweza kujua mahali pa kidole kwa usahihi wa chini ya milimita moja. Si kwamba mistari ni mingi, ni kwamba kidole ni kipana.

Sasa ondoa kidole, weka ncha ya kalamu ya milimita moja. Ncha hiyo inaweza kukaa ndani ya uru mmoja bila kumsumbua jirani. Safu ya 4 inasoma sifuri, ya 5 inasoma 9, ya 6 inasoma sifuri. Hesabu inatoa 5. Sogeza kalamu milimita moja: bado ni 5. Sogeza tena: 5. Kisha ghafla inaruka kuelekea ya 6. Unapochora mstari wa mshazari kwa rula, kioo kinakuchorea ngazi, au mstari unaoyumba kama mlevi anayerudi nyumbani. Mwandishi hana kosa, na mara nyingi programu pia haina kosa. Nyaya hazikuwekwa kwa ajili yake.

Hii ndiyo sababu zile kalamu za bei rahisi zinazouzwa mjini zina ncha ya mpira mnene kama chuchu ya chupa ya mtoto. Mpira ule unapitisha umeme na unajifanya kidole. Kioo kinaukubali. Lakini nani anaweza kuandika herufi ndogo kwa kitu kinene hivyo, ambacho kinaziba hata mahali unapoandika? Ni sawa na kupewa mchi uandike barua.

Wabunifu wanajua tatizo hili na wana dawa zake. Ya kwanza ni kubadilisha umbo la elektrodi. Badala ya uru wenye kingo zilizonyooka, kingo hutolewa meno yanayoingiliana na ya jirani kama meno ya zipu. Hapo hata ncha ndogo ikitua, inagusa jino la huyu na jino la yule, na ile hesabu ya kitovu inapata namba za kufanyia kazi. Ya pili ni kusogeza mistari karibu. Tukitoka milimita 5 hadi 2.5 kwenye kishikwambi chetu cha mfano, nyaya zinatoka 56 hadi 112 na makutano yanatoka 720 hadi 2,880. Kichipu kinahitaji miguu mingi zaidi, kazi ya kusoma inazidi, na bei inapanda.

Na kuna shida nyingine ambayo watu hawaifikirii: nyaya hizo zote lazima zitoke mahali fulani. Zinapita pembeni mwa kioo, kwenye ule ukingo mweusi, zimebanana kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili jioni. Wanunuzi nao siku hizi wanataka ukingo uwe mwembamba kabisa, ati picha ijae kioo chote. Haya, nyaya zipite wapi? Pale ndipo simu ikianguka kwa pembe waya mmoja hukatika, na safu nzima ya kioo inakufa. Umewahi kuona simu ambayo herufi fulani zote za mstari mmoja hazibonyezeki, na nyingine ziko sawa? Basi ujue uwezekano mkubwa ni safu moja imekatika njia, si kioo kizima kimeharibika.

Vioo vikubwa vina mateso yao zaidi. Mstari mrefu wa ule utando una ukinzani mkubwa, na kwa kuwa pia una kapasitansi njiani, mapigo ya umeme yanafika mwisho wake yamechoka na yamechelewa. Kwa hiyo kwa ubao mkubwa wa darasa wabunifu wengine huacha utando na kutumia wavu wa nyaya za shaba au fedha, kila waya ukiwa na upana wa maikromita chache tu kiasi kwamba jicho halioni. Hata hapo nyaya hulazwa kwa mshazari, kwa sababu zikienda sambamba na nukta za picha huleta mawimbi ya ajabu kwenye skrini, kama unavyoona mapazia mawili ya wavu yakipishana.

Dawa ya tatu, na ndiyo mimi ninayoipenda, ni kuipa kalamu sauti yake. Kuna kalamu zenye betri ambazo ncha yake hutoa ishara ya umeme. Ile mistari ya kioo, ambayo kwa kidole ilikuwa mmoja anapiga na mwingine anasikiliza, inanyamaza kwa muda mfupi na yote inageuka masikio. Ncha inaweza kuwa nyembamba kama ya penseli kwa sababu haitegemei tena upana, inategemea nguvu ya ishara. Kalamu ya Apple ya mwaka 2015 ni ya namna hii, na kioo chake huisoma mara 240 kwa sekunde.

Ipo na njia ya kampuni ya Wacom ya Japani. Hiyo huweka ubao wa pili nyuma kabisa ya skrini, wenye nyaya zilizozungushwa kama vitanzi vinavyopishana. Vitanzi hutoa uga wa sumaku unaopenya skrini hadi kwenye kalamu. Ndani ya kalamu mna koili na kapasita, na hizo huitikia kwa mpigo wake maalumu, kama bembea inavyoitikia ukiisukuma kwa wakati wake. Vitanzi hunyamaza, vinasikiliza mwitikio huo, na vinajua kalamu ilipo. Kalamu hii haihitaji betri hata kidogo. Ukiikandamiza, mpigo wake hubadilika kidogo, na chombo kinajua umekandamiza sana au kidogo. Simu ya Galaxy Note ya Samsung ilipotoka mwaka 2011 ilikuja na kalamu ya aina hii. Kwa hiyo chombo kina nyaya za tabaka mbili, za mbele kwa kidole na za nyuma kwa kalamu, na kila moja inafanya kazi yake. Kalamu ikikaribia, kidole kinaambiwa kingoje. Ndiyo maana unaweza kulaza kiganja juu ya kioo na kuandika kama kwenye daftari.

Kuna wenzangu watakaoniambia kwamba kidole ndicho kilichokuja kwanza na kalamu ni anasa iliyoongezwa baadaye. Si kweli. Mwaka 1964 shirika la RAND la Marekani lilitangaza ubao wa kuandikia uliokuwa na nyaya 100 kwa kila inchi, zilizofichwa chini ya uso wake, na kalamu iliyokuwa ikinusa mapigo ya nyaya hizo kwa kapasitansi. Ulikuwa na sehemu zaidi ya milioni moja za kutambua. Kioo cha kuguswa kwa kidole kilielezwa na E. A. Johnson huko Malvern, Uingereza, mwaka 1965, kwa ajili ya waongozaji wa ndege. Kisha kule CERN, Uswisi, Bent Stumpe akatengeneza mapema miaka ya 1970 kioo chenye mistari ya shaba ya maikromita 80, iliyotengana maikromita 80, kwa ajili ya chumba cha kuongozea mtambo wao mkubwa. Kile kilikuwa na vitufe 16 tu, kila kimoja mahali pake. Kwa waongozaji wa mitambo hiyo ilitosha kabisa: kazi yao ni kuchagua, na kidole kinaweza kuchagua.

Halafu mwaka 2007 Steve Jobs alipoonyesha iPhone ya kwanza aliibeza kalamu mbele ya watu, akasema kidole ndicho chombo bora tulichozaliwa nacho. Watu wakashangilia na dunia nzima ikamfuata. Kwa simu alikuwa na haki, kwani zile kalamu za kabla yake zilikuwa za kubonyeza tabaka mbili za plastiki zigusane, na zilikuwa zikipotea kila siku. Lakini miaka 8 baadaye kampuni ile ile ikatoa kalamu. Mimi simcheki. Naona tu kwamba walipotaka chombo cha watu wanaochora na kuandika, kidole hakikuwatosha.

Na sisi je? Mwaka 2016 serikali yetu ilianza kugawa vishikwambi katika madarasa ya chini ya shule za msingi za umma. Mtoto wa darasa la kwanza anagusa picha ya ng'ombe na ng'ombe analia. Kwa kazi hiyo kidole kinafaa. Lakini mwanafunzi wa sekondari hagusi ng'ombe. Anachora ramani ya Jiografia, anachora moyo wa binadamu, anaandika milinganyo ya Kemia yenye namba ndogo chini ya herufi. Na hata Kiswahili chetu, ambacho hakina herufi za ajabu, kinaumia: kwenye simu nyingi ule mkato wa juu wa ng' umefichwa ukurasa wa pili wa vitufe, na matokeo yake siku hizi watu wanaandika "ngombe" bila haya. Mwalimu wetu wa Kiswahili akiona hivyo anakata nusu alama. Kwa kalamu, mkato ni mkato tu.

Lakini nisije nikadhaniwa kwamba natetea wanafunzi peke yao. Nyanya yangu amechuma majani chai tangu kabla mama hajazaliwa. Ncha za vidole vyake ni ngumu na zimepasuka, na wakati wa kiangazi hukauka kama gome. Akibonyeza kioo cha simu, mara nyingi kinakataa. Anabonyeza tena, kinakataa. Fizikia yake ni ile ile ya bamba mbili: ngozi nene na kavu inaongeza umbali kati ya kioo na sehemu ya mwili inayopitisha umeme, kapasitansi inapungua, na badiliko linakuwa dogo kuliko kiwango ambacho kichipu kimeambiwa kihesabu kuwa mguso. Ukiongeza ile karatasi nene ya kukinga kioo, umbali unazidi tena. Yeye husema, "Hii simu haipendi mikono yangu." Na matokeo yake si mchezo. Anapotaka kutoa pesa za simu, anamwita mjukuu na kumtajia nambari yake ya siri. Mjukuu huyo ni mimi, na ninamheshimu. Lakini je, kila mzee ana mjukuu wa kuaminika? Kuna wazee wangapi katika mashamba haya ambao nambari zao za siri zinajulikana na nusu ya kijiji kwa sababu ya ngozi ya vidole?

Kiwango kile cha kuhesabu mguso kiliwekwa na mtu ofisini. Sidhani vidole alivyojaribia vilikuwa vya mchuma chai. Baadhi ya simu zina mpangilio wa kuongeza wepesi wa kuhisi, uliowekwa kwa ajili ya wanaovaa glavu kwenye nchi za baridi. Ikiwa waliweza kuwafikiria wenye glavu, wangeweza kuweka mpangilio huo kwenye simu zote, hata za bei ya chini. Kwa sasa nilimnunulia nyanya ile kalamu ya mpira mnene niliyoicheka hapo juu. Anaishika kwa kiganja kizima, na kwa kuwa kiganja ni kipana, mwili wake unaungana nayo vizuri. Inafanya kazi. Haifai kuandikia insha, lakini kwa kubonyeza namba nne inamtosha, na siku hizi ananigeuzia mgongo anapobonyeza. Nafurahi sana akifanya hivyo.

Najua jibu nitakalopewa na waweka hazina: vishikwambi vyenye nafasi ya kalamu ni ghali zaidi, na kalamu hupotea. Kuhusu kupotea, benki zilitatua jambo hilo zamani kwa kufunga kalamu kwa kamba, na hakuna aliyeona aibu. Kuhusu bei, ni kweli na sibishani. Ndiyo maana nilisema kama pesa hazitoshi tubaki na madaftari. Vishikwambi 20 vinavyoandikika, vikae maktaba na vitumiwe kwa zamu, ni bora kuliko 100 ambavyo havifai ila kusomea. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa pande zote mbili za ule mjadala: wao walibishana kama ndiyo au la, mimi nauliza ni kipi.

Kwa hiyo siku wazazi watakapotuma watu dukani, wasiridhike na maneno ya karatasi iliyobandikwa kwenye boksi. Wawashe chombo, wafungue ukurasa wa kuchorea. Waweke rula juu ya kioo na wachore mstari wa mshazari polepole kwa kalamu yake, polepole kabisa, maana ukiharakisha kosa hujificha. Mstari ukiyumba, warudishe. Wachomeke chaja, hasa ile ya bei rahisi, na wajaribu tena: chaja mbovu hutia kelele za umeme kwenye mistari ile na kalamu au kidole huanza kurukaruka, wakati mwingine kioo kinajibonyeza chenyewe. Wadondoshe tone la maji pembeni waone kama litahesabiwa kuwa mguso. Wamtafute mama mmoja mwenye mikono ya jembe abonyeze namba.

Na wa mwisho awe mwalimu wa Hisabati. Wampe kalamu aandike ile fomyula ya kwadratiki, ndefu, yenye kipeuo cha pili na mstari wa sehemu, kwa herufi za ukubwa ule ule anaotudai kwenye daftari, kiganja chake kikiwa kimelala juu ya kioo. Ile alama ya kujumlisha-kutoa ikisomeka, walipe.